Jinsi ya Kuondoa Mpasuko wa Picha katika Michezo ya Kompyuta ya Skrini Nzima

Mpasuko wa picha huonekana zaidi pale mchezaji anapogeuza kamera kwa kasi: mlingoti au ukuta hukatika, na kipande cha chini huwa kimesogea upande, hakilingani na cha juu. Kasoro hii haimaanishi kwamba kioo kimeharibika. Monita ya 60 Hz huchora picha upya mara 60 kwa sekunde, mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na kila mzunguko huchukua takriban milisekunde 16.7. Kadi ya michoro ikileta fremu mpya, yaani picha moja kamili ya mchezo, kabla mzunguko haujaisha, sehemu ya juu ya skrini hubaki na fremu ya zamani ilhali sehemu ya chini inaonyesha mpya.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha kwamba tatizo ni hilo. Mpasuko huhamahama na hutoweka picha inapotulia, lakini mstari unaobaki mahali pamoja hata baada ya kufunga mchezo ni dalili ya ubovu wa kebo au kioo, na hiyo ni kazi ya fundi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa kibodi haitakusaidia kumshawishi mtu, kwa sababu kompyuta huhifadhi fremu nzima iliyomo kwenye kumbukumbu, si kile kilichochorwa na monita. Rekodi skrini kwa kamera ya simu.

Anza na kasi ya monita. Katika Windows 10 na 11, fungua mipangilio, ingia kwenye mfumo, kisha sehemu ya onyesho, na humo utafute mipangilio ya kina ya onyesho ili uone idadi ya Hz iliyochaguliwa. Si ajabu kukuta monita ya 144 Hz ikiendeshwa kwa 60 tu, ama kwa sababu hakuna aliyeibadilisha, ama kwa sababu kebo ya zamani haiwezi kubeba zaidi. Kasi ikipanda, mpasuko hauishi, ila kila mmoja hukaa machoni kwa muda mfupi zaidi.

Hatua inayofuata ni kuwasha V-Sync katika mipangilio ya picha ya mchezo wenyewe. Chaguo hili huilazimisha kadi kusubiri hadi monita imalize kuchora ndipo ibadilishe fremu, kwa hiyo mpasuko huondoka kabisa. Hata hivyo lina gharama yake: mwitikio wa kipanya huchelewa kidogo, na kadi ikishindwa kufikisha fremu 60 kwa sekunde, kasi inaweza kushuka ghafla hadi 30, kwa kuwa fremu iliyochelewa hulazimika kusubiri mzunguko mzima unaofuata. Punguza vivuli na ubora wa mwanga hadi kadi iwe na akiba ya nguvu. Mchezo ukiwa na chaguo la akiba tatu za fremu (triple buffering), liwashe pia. Kwa michezo ya mbio au ya hadithi, gharama hiyo inavumilika. Kwa mapambano ya kulenga shabaha mtandaoni, nisingeshauri V-Sync.

Mwenye kompyuta mpakato ya kawaida ana njia nyepesi zaidi: abadilishe mchezo kutoka skrini nzima kwenda dirisha lisilo na mipaka (borderless). Katika hali ya skrini nzima, mchezo mara nyingi hukabidhi fremu kwa monita moja kwa moja. Ukiwa ndani ya dirisha, kwa kawaida Windows ndiyo inayopanga picha na kuzitoa kwa mpigo wa monita.

Dawa iliyo bora ni monita inayobadilisha kasi yake kufuata kadi, kwa teknolojia ya G-Sync ya NVIDIA, iliyotangazwa mwaka 2013, au FreeSync ya AMD. Washa kipengele hicho kwenye menyu ya monita na pia kwenye programu ya kadi, kisha weka kikomo cha fremu chini kidogo ya kasi ya monita, kwa mfano 141 kwa monita ya 144 Hz. Kikomo hicho ndicho watu wengi husahau: fremu zikizidi uwezo wa monita na V-Sync ikiwa imezimwa, hufika tena bila kusubiri, na mpasuko hurudi ingawa kila kitu kinaonekana kimewashwa.