SOMO: Mradi wa .NET unajengeka kwenye terminali, Visual Studio inaukataa

Wakuu, kabla hujamaliza bando kwa kufuta Visual Studio na kuipakua upya, elewa hili: kwenye Windows, mradi wako wa WPF au WinForms (programu za .NET zenye madirisha) unaweza kujengwa na MSBuild mbili; MSBuild ndiyo chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu. Ukiandika `dotnet build`, inafanya kazi MSBuild iliyokuja ndani ya SDK (kifurushi cha zana za kutengenezea programu za .NET). Ukijenga kutoka Visual Studio, inatumika ya Visual Studio yenyewe. Ndiyo maana mradi uleule hupita huku ukagoma kule.

Hatua ya 1. Soma namba ya kosa. NETSDK1045: SDK inayotumika ni ya zamani kuliko toleo la .NET lililoandikwa kwenye `TargetFramework` ndani ya faili la mradi (`.csproj`), mfano SDK ya 6 kwa mradi wa `net8.0-windows`. NETSDK1209: tatizo ni Visual Studio, SDK iache.

Hatua ya 2. Fungua terminali ndani ya folda ya mradi (si popote tu, hapa ndipo wengi hupotea) uandike:

`dotnet --version`
`dotnet --list-sdks`

Amri ya kwanza inataja SDK iliyochaguliwa hapo, ya pili zote zilizomo kwenye mashine. Ikiwa 8 ipo lakini imechaguliwa 6, mchawi ni `global.json`, faili linaloamua SDK ipi itumike. Faili hili hutafutwa kuanzia folda uliyopo kwenda juu, kwa hiyo hata lililosahaulika kwenye folda mama linakuhusu. `dotnet --info` itakuonyesha lilipo. Lirekebishe hivi:

`{ "sdk": { "version": "8.0.100", "rollForward": "latestFeature" } }`

Hatua ya 3. Angalia toleo la Visual Studio. Kulenga .NET 8 kunataka Visual Studio 2022 toleo 17.8 au zaidi; .NET 9 inataka 17.12. Ya 2019 hata .NET 6 haiiwezi, usihangaike nayo.

Hatua ya 4. Futa folda za `bin` na `obj` ndani ya mradi, kisha andika `dotnet restore`.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, SDK nimeiweka lakini `--list-sdks` haionyeshi kitu.
Andika `where.exe dotnet`. Ikitangulia njia yenye `Program Files (x86)`, unaita dotnet ya biti 32 isiyo na SDK. Kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri), ipandishe juu `C:\Program Files\dotnet\`.

Si nishushe tu mradi uwe `net6.0-windows`?
Utajengeka, ila msaada wa .NET 6 uliisha Novemba 2024, maana yake hakuna tena masasisho ya usalama. Kwa programu ya mteja mimi siwezi kushauri hivyo.

Kwangu inafunguka, kwa mteja inadai .NET.
Mteja hahitaji SDK. Mwekee .NET Desktop Runtime (sehemu ya kuendeshea programu tu) ya toleo lako, au itoe programu ikiwa nayo ndani:
`dotnet publish -c Release -r win-x64 --self-contained`
Itakuwa nzito zaidi, lakini kwa mashine zisizo na intaneti ndiyo njia yangu.

Nina mradi wa kale wa .NET Framework 4.5, napata MSB3644.
Hapo kinachokosekana ni Developer Pack (faili za kujengea mradi wa toleo hilo la .NET Framework), na kisakinishi cha Visual Studio 2022 hakina tena vifurushi vya 4.0 hadi 4.6.1. Weka Developer Pack ya 4.8, upandishe mradi uilenge hiyo, kisha jaribu kila dirisha la programu kabla ya kumpelekea mtu. Mashine za watumiaji nazo ziwe na 4.8.