Pankeki nene za Kimarekani: liache rojo na madonge yake

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alinipigia video kutoka Tanga, uso umemshuka. Alikuwa ameshapika pankeki mara tatu kwa vipimo nilivyomtumia, na mara zote tatu zilitoka bapa. "Dada, zako zimeumuka kama mto, zangu chapati za maji tupu. Kuna kitu hujaniambia."

Nikamwambia aegemeze simu kwenye kopo la unga, aanze upya nikimtazama. Akavunja mayai, akamimina mtindi, akatia unga, akashika mchapo, ule wa waya wa kupigia mayai. Hapo ndipo nilipoliona tatizo. Mkono wake ulikuwa unapiga vilevile alivyotufundisha mama kupiga chapati za maji: haupumziki mpaka donge la mwisho limepotea na rojo linateleza kwenye upawa. Nikamwambia, "Acha hapohapo."

Sisi tuliolelewa na chapati za maji tumefunzwa kwamba madonge ni uzembe. Kwenye pankeki za Kimarekani sivyo kabisa. Unga wa ngano ukilowa na kukorogwa, protini zake hushikana zikawa nyuzi. Nyuzi hizo ndizo zinazoifanya chapati ya kusukuma ivutike bila kukatika, ndiyo maana tunakanda mpaka mabega yanauma. Pankeki haizitaki. Hewa inajaribu kuliinua rojo, nyuzi zinalibana, na kinachobaki ni kitu kigumu kinachotafunika kama mpira. Kwa hiyo koroga kwa mwiko, si kwa mchapo, mizunguko kumi na miwili au kumi na mitano basi. Unga mkavu ukishapotea machoni, weka mwiko chini. Madonge yenye ukubwa wa choroko, hata wa njegere, yaache yalivyo.

Mimi haya nilifundishwa hapa Columbus, Ohio, kwenye mgahawa wa kifungua kinywa nilikofanya kazi miaka sita, zamu ikianza saa kumi na moja alfajiri. Mpishi mkubwa alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Alabama. Siku ya kwanza aliponiona nakoroga alinishika kifundo cha mkono, taratibu, akauchukua mchapo na kuniwekea mwiko. Kisha akaniamuru nilitazame rojo dakika kumi bila kuligusa. Nikatazama. Mwanzoni lilikuwa zito, lina mabonge, halivutii hata kidogo. Baada ya muda uso wake ukaanza kupanda, polepole, kama kifua cha mtoto aliyelala. Vitundu vidogo vikafunguka huku na huku. Madonge yaliyokuwa na unga mkavu ndani yakawa yamelowa yenyewe bila mwiko kuyafuata. Sijasahau funzo lile.

Sasa vipimo. Hivi vinatoa pankeki kumi na mbili hivi, zinatosha watu wanne wenye njaa. Unga wa ngano wa kawaida vikombe 2, yaani gramu 250. Sukari vijiko vikubwa 2. Bekingi pauda vijiko vidogo 2. Magadi soda nusu kijiko kidogo. Chumvi nusu kijiko kidogo. Mayai 2. Mtindi mwepesi vikombe 2 kasoro robo, kama mililita 420. Siagi vijiko vikubwa 4, iliyoyeyushwa na kuachwa ipoe kidogo. Vanila ukipenda, nusu kijiko kidogo. Mimi natia na iliki ya kutwanga kwa sababu nimetoka Tanga, Mmarekani hatii.

Kikombe ninachokisema ni cha mililita 240. Kama huna, tumia kikombe kimoja kilekile kwa unga na kwa mtindi, uwiano hautaharibika sana. Lakini usikizamishe kikombe ndani ya unga ukaushindilia. Chota unga kwa kijiko, uangushe kikombeni, kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Unga ulioshindiliwa unaweza kuzidi kipimo kiasi cha kulifanya rojo liwe donge la maandazi.

Wamarekani wanatumia maziwa yaliyochachushwa yanayouzwa kwenye katoni, mepesi kuliko mtindi wetu. Kama mtindi wako ni ule unaosimama kwenye kijiko, chukua kikombe kimoja na nusu, robo iliyobaki iwe maziwa ya kawaida. Na kama mtindi hakuna kabisa, chukua kiasi hichohicho cha maziwa, ukamulie ndimu, kijiko kikubwa kimoja na nusu, uyaache dakika kumi. Yatakatika kidogo, na ndivyo tunavyotaka. Uchachu si wa ladha tu. Magadi soda yanahitaji kitu kichachu ili yatoe gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoliinua rojo.

Hapa niseme jambo moja kwa msisitizo: magadi soda ni yale meupe laini ya kwenye pakiti au kopo. Usitumie magadi ya mawe ya kulainishia maharage. Na usizidishe hata hayo ya kopo, maana yakizidi pankeki inakuwa na ladha ya sabuni, na sukari haitakusaidia kuificha.

Utaniuliza kwa nini vyote viwili, magadi soda na bekingi pauda. Magadi soda yanafanya kazi mara tu yanapokutana na mtindi, nguvu yake nyingi inaishia humo bakulini. Bekingi pauda nyingi za siku hizi hufanya kazi mara mbili, kidogo zikilowa na zaidi zikipata moto, kwa hiyo msukumo wa pili unakuja rojo likiwa tayari kwenye kikaango. Huo msukumo wa pili ndio unaoipa pankeki unene. Wamarekani walianza kupika za namna hii kwa urahisi baada ya bekingi pauda kuingia majikoni katika karne ya 19. Eben Horsford, aliyekuwa profesa wa kemia Harvard, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya unga wake wa fosfeti wa kuumulia mwaka 1856. Zamani kabla ya bekingi pauda, wengi waliotaka kuumua walitegemea hamira na kusubiri, au majivu ya kuni yaliyosafishwa.

Bekingi pauda ndiyo ilikuwa kosa la pili la mdogo wangu. Nilimuuliza kopo lake amelifungua lini, akafikiri, akasema Ramadhani. Ramadhani ya mwaka juzi. Tanga kuna unyevu, kopo lililofunguliwa hunyonya maji ya hewani na dawa inaisha humohumo bila wewe kujua. Nikamwambia achemshe maji, atie nusu kijiko kidogo cha bekingi pauda kwenye glasi, ayamimine juu yake na kuisogeza glasi karibu na simu. Bekingi pauda iliyo hai huchemka papo hapo, povu linapanda kwa kelele. Ya kwake ilizama chini kama chaki. Tukatazamana. Akamtuma mwanawe dukani. Magadi soda nayo yanajaribiwa hivyohivyo, ila badala ya maji moto unayadondoshea ndimu au siki.

Kuchanganya kwenyewe: vikavu vyote kwenye bakuli kubwa, vichekeche au uvikoroge vyema vikiwa vikavu, kwa sababu ukishatia maji hutapata nafasi tena ya kusambaza bekingi pauda. Kwenye bakuli jingine piga mayai na mtindi, kisha siagi. Hapo piga upendavyo, hakuna unga. Fukua shimo katikati ya vikavu, mimina vya maji vyote kwa mara moja, koroga ile mizunguko michache, acha dakika kumi. Usiache saa nzima, gesi itakwisha. Na baada ya kupumzika usikoroge tena, ila ukilazimika kurekebisha uzito. Chota kutoka pembeni, uliache povu lililobaki.

Uzito wa rojo ni huu: likiangushwa kutoka kwenye upawa linaanguka kwa mafungu, halitiririki. Likimwagwa kwenye kikaango linatanuka kidogo na kusimama lenyewe. Kama linakimbilia kingo, ongeza unga kijiko kimoja kikubwa. Kama halisogei kabisa, ongeza maziwa kidogo.

Moto umeshinda wengi. Kikaango kizito ndicho kizuri, na tawa ya chuma ya chapati inafaa sana. Kipashe moto wa wastani dakika tano nzima, si moto mkali wa dakika moja, kwa sababu unataka chuma chote kiwe na joto moja. Dondoshea matone ya maji. Yakikaa na kuchemka palepale, bado. Yakitoweka mara moja kwa mlio, ni moto mno. Yakiruka na kucheza kabla ya kukauka, anza. Wenye bamba la umeme waliweke nyuzi 190 za selsiasi. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yapite ule wekundu wa mwanzo, ondoa baadhi, yanayobaki yafunike kwa majivu kidogo, na ugeuze tawa robo mzunguko kila baada ya muda ili upande mmoja usitangulie.

Mafuta ni ya kupaka tu. Weka matone machache kisha uyafute kwa kitambaa au karatasi mpaka unaona mng'ao tu. Mafuta yakiwa mengi pankeki inakaangika pembezoni, inatoka na madoadoa badala ya ule uso wa kahawia ulio sawa. Usipake siagi kwenye kikaango, itaungua kabla ya pankeki ya tatu. Siagi tumeshaitia kwenye rojo.

Anza na ndogo, ya kijiko kimoja, ikwambie hali ya moto. Kisha mimina robo kikombe kwa kila moja, upawa ukiwa karibu na chuma, mahali pamoja, usizungushe kama unavyozungusha chapati za maji.

Sasa tulia utazame. Kwanza vinatokea viputo vichache pembezoni, vinapasuka, na vitundu vyake vinajifunga kwa rojo bichi. Bado. Kisha vinakuja katikati, vingi zaidi. Ukingo unaanza kupoteza mng'ao, unakuwa kama umekauka. Subiri mpaka viputo vya katikati vipasuke na vitundu vyake vibaki wazi. Hapo, ambapo ni dakika mbili au zaidi kidogo, ingiza kijiko bapa chini yote kwa mkupuo mmoja na ugeuze. Utaiona inapanda mbele ya macho yako, inavimba katikati. Usiikandamize! Najua mkono unatamani, chapati tunaikandamiza ili iive na ivimbe. Hapa unatoa hewa yote uliyoihangaikia. Dakika moja na kidogo upande wa pili, basi. Inageuzwa mara moja tu.

Usizitie kwenye hotipoti. Hotipoti inailainisha chapati, lakini pankeki inaitokesha jasho na kuishusha. Kama una oveni, iwashe nyuzi 95, zipange kwenye wavu bila kuzibebanisha. Kama huna, ziweke kwenye ungo, kitambaa chepesi juu, na watu waanze kula bila kungojeana.

Juu yake Wamarekani hutia kipande cha siagi na shira ya mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Mwezi Machi niliwapeleka wanangu shamba moja nje ya Columbus kuona inavyotengenezwa. Usiku kunaganda, mchana kunayeyuka, na utomvu unadondoka ndoo kwa ndoo, mwembamba kama maji, una utamu wa kusikika kwa mbali tu. Unachemshwa mpaka lita arobaini zinabaki kama lita moja. Baada ya kuuona moshi ule na kuni zile sikulalamika tena kuhusu bei yake. Tanga si lazima uitafute. Asali ya nyuki wadogo ni nzuri, na mdogo wangu alichemsha sukari guru na maji kiasi na kipande cha tangawizi mpaka ikawa nzito; kwa kuitazama tu nilitamani.

Siku ile kwenye simu yake, pankeki ya kwanza iliungua kidogo, ya pili ikageuzwa mapema ikamwagika, ya tatu akasubiri vitundu vibaki wazi. Alipoigeuza hakusema kitu, aliinama tu karibu na tawa akaitazama inavyopanda.

Zikibaki, ziache zipoe kabisa, zitenganishe kwa karatasi, ziweke friza. Zinakaa hata mwezi. Jumatatu wanangu huziingiza kwenye tosta zikiwa bado za barafu, na zinakuwa tayari kabla basi la shule halijafika.