Somo: Kwenda kuogelea Sardegna Due pale Mayungu bila kukuta bahari imejaa

Haya, nyie mnaoniuliza kila siku kuhusu kile kisiwa cha mchanga cha Mayungu, huku kwetu Malindi, Waitaliano walikiita Sardegna Due na jina likaganda, leo naandika yote pamoja maana kujibu mmoja mmoja kunachosha. Kwanza jueni si kisiwa cha kukaa pale masaa yote. Ni fungu la mchanga linatokeza bahari ikipwa, linaacha vidimbwi vya maji ya magoti mpaka kiuno, safi hadi unaona kucha zako za miguu, halafu maji yakijaa linafunikwa lote. Sasa wewe upange kwa kuangalia wikendi tu, utalipa boti uende kutazama bahari.

Hatua ya 1: hesabu mwezi
Hapa ndipo penye kazi yote, kwingine ni mteremko. Bamvua, yaani maji makubwa, inakuja mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo. Siku hizo maji yanatoka sana, na kwa pwani yetu yanapwa kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ikifika tarehe nane au ishirini na mbili ya mwezi wa Kiislamu ni maji mafu, saa nne ileile unakuta bahari imejaa, na hata ikipwa jioni haitoki vya maana. Vijana wana app ya maji, mimi natazama kalenda ya Kiislamu ukutani, yote sawa, lakini piga simu kwa nahodha kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 2: msimu
Kaskazi, Disemba mpaka Machi, bahari ni shwari. Kusi ikichacha, Juni Julai, upepo na mawimbi, boti inaruka na watoto wanatapika. Mvua zikinyesha bara mto Sabaki unamwaga tope Malindi maji yanakuwa rangi ya chai, Mayungu iko kusini zaidi kwa hivyo mara nyingi inanusurika.

Hatua ya 3: boti
Kutoka mjini chukua tuktuk ama boda, pita Casuarina mpaka Mayungu ufukweni. Bei mkubaliane KABLA hujapanda: ni ya boti nzima ama ya kichwa, ni kwenda na kurudi, na atawangoja masaa mangapi. Hilo la kungoja usilisahau. Uliza pia kama ada ya KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, imo, maana bahari ya huku ni hifadhi tangu 1968, na ada yao inalipwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, si mkononi mwa mtu. Laifu jaketi uione kwa macho na uivae, usikubali "ziko chini ya kiti".

Hatua ya 4: ukifika
Fika kama dakika 90 hivi kabla maji hayajapwa kabisa, hapo unafaidi yakitoka na yakianza kurudi. Beba maji ya kunywa, kofia, mahamri yako, kivuli hakuna hata cha kuku. Kiti cha pweza, yule samaki nyota, mwache ndani ya maji, hii tabia ya kumtoa juu apigwe picha inamuua. Na takataka rudi nazo.

Nahodha akiita, toka. Maji hayarudi kwa mbele tu, yanapitia kwenye mikondo ya pembeni na nyuma yako, unashtukia mchanga uliosimama umezungukwa.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mimi nina nafasi Jumapili peke yake, nifanyeje?
Jibu: Angalia ni Jumapili ipi imeangukia karibu na bamvua. Miezi mingi hukosi moja, ngoja hiyo.

Swali: Nina mtoto wa miaka minne, kuna hatari?
Jibu: Vile vidimbwi vya maji ya magoti vinamfaa sana mamangu, ila ule upande wa mkondo usimpeleke hata umemshika mkono. Mvishe viatu vya plastiki, kwenye mwamba kuna wale wadudu wa baharini weusi wa miiba.

Swali: Samahani kaka, sisi wa buibui twaogaje na watu wamejaa?
Jibu: Wengi wanaingia na leggings na shati refu, dada. Dera usiingie nalo, linajaa maji linakuwa zito na linakufunga miguu. Mkiwa kikundi kodini boti yenu, siku ya kazi, watu ni wachache.

Swali: Niliambiwa naweza kutembea kwa miguu kutoka ufukweni?
Jibu: Kuna watu wanajaribu maji yakitoka sana. Kwenda si shida, shida ni kurudi. Panda boti bwana.

Swali: Na sisi wa Lamu?
Jibu: Nyie mna kisiwa cha Manda Toto, matumbawe na samaki wa rangi. Hesabu ya mwezi ni hiihii, muulizeni nahodha wa jahazi saa ya kutoka.