Somo: Kupata chumba cha kupanga Dar es Salaam kwa kipato kidogo

Somo hili nimemwandikia mtu anayefanya kazi Kariakoo, Posta, Mikocheni au Masaki na kipato chake kwa mwezi ni laki tatu au pungufu: mlinzi, muuza duka, fundi cherehani, dada wa saluni, kijana wa kubeba mizigo sokoni. Mwenye uwezo wa kupanga chumba masta Sinza ana njia zake. Sisi wengine tunakipata pembeni, na pembeni kuna mitego yake.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Wengi wetu hatushindwi na kodi ya mwezi. Tunashindwa na kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo, halafu nauli inamalizia kilichobaki. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinazunguka mambo hayo mawili.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya nauli kabla hujauliza bei ya chumba

Chukua karatasi. Tuseme kazi yako iko Kariakoo na unaingia kazini siku 26 kwa mwezi. Bei hizi ni za mfano, wewe weka za kwako.

Chumba cha Buguruni ni 80,000. Daladala ni moja, 600 kwenda na 600 kurudi, yaani 31,200 kwa mwezi. Jumla 111,200.

Chumba cha Chanika, ndani kabisa, ni 40,000. Hapo unaona umeokoa nusu nzima. Lakini mpaka ufike kituoni unapanda bodaboda ya 1,000, kisha daladala ya 1,100. Kwenda na kurudi ni 4,200 kwa siku, 109,200 kwa mwezi. Jumla 149,200. Chumba "cha bei rahisi" kimekuwa ghali kuliko cha Buguruni, na bado unaamka saa kumi usiku.

Sasa angalia chumba cha tatu: Chanika hiyo hiyo, ila unatembea dakika kumi kutoka kituoni, kodi 50,000. Nauli ni 57,200, jumla 107,200. Aliyekula hela yako kwenye mfano wa pili ni bodaboda: 52,000 kwa mwezi, kuliko kodi yenyewe. Ongeza elfu kumi kwenye kodi ukae karibu na barabara, usipunguze elfu kumi ukakae mahali pasipofikika kwa miguu. Hili nalisisitiza kuliko lolote kwenye somo hili.

Hatua ya 2: Chagua barabara kwanza, mtaa baadaye

Dar inatoka nje kwa barabara chache. Ya Morogoro inakupeleka Kimara, Mbezi, Kibamba hadi Kibaha. Ya Nyerere inakupeleka Gongo la Mboto, Pugu, Chanika na Kisarawe. Ya Kilwa inakupeleka Mbagala, Kongowe, Vikindu na Mkuranga. Ya Bagamoyo inapita Tegeta na Bunju. Halafu kuna Kigamboni, ambako unavuka kwa pantoni pale Feri au unapita daraja lililofunguliwa 2016.

Chagua ile ambayo gari lake linafika kazini kwako bila kubadilisha. Anayefanya kazi Posta anaweza kuishi Kigamboni akavuka kwa pantoni na kutembea hadi ofisini. Anayefanya kazi Mwenge akikaa Kigamboni anajitesa. Na usidharau ng'ambo ya mpaka wa mkoa: Vikindu, Kisarawe na Kibaha ni Mkoa wa Pwani, na mara nyingi vyumba vyake ni vipya na vina nafasi kuliko vya Temeke kwa bei hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta kwa miguu

Dalali ni mtu wa riziki kama wewe, na wapo wakweli. Lakini atataka hela ya kukuzungusha, na ukipata chumba atataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Kwa mtu wa laki tatu huo ni mzigo. Jaribu kwanza mwenyewe: shuka kituoni Jumapili asubuhi, ingia mtaani, ongea na mama ntilie, na mwenye duka la Mangi, na kinyozi. Hao wanajua nani anahama mwisho wa mwezi kabla dalali hajapata habari. Pita pia kwa mjumbe, jitambulishe, mwachie namba yako.

Ukilazimika kutumia dalali, kubaliana naye mambo mawili kabla hujatoa shilingi: hela ya kuzungushwa ni kiasi gani na inahesabika kwa vyumba vingapi, na hela yake ya mwezi utamlipa ukishakabidhiwa ufunguo. Akikataa hilo la pili, mshukuru, endelea na safari.

Hatua ya 4: Kagua kama unayenunua

Chumba kitazame mchana, kisha rudi saa moja usiku uone mtaa ukoje na taa zikoje.

Ndani, inama uangalie ukuta sehemu ya chini. Mara nyingi mwenye nyumba hupaka rangi kabla ya kupangisha, lakini alama ya maji haifichiki kirahisi: kuna mstari mlalo, rangi imevimba na kumenyeka, chumvi nyeupe inatoka kwenye plasta. Mstari ukiwa kwenye usawa wa goti na unazunguka kuta zote, hayo si maji ya bomba lililopasuka. Maji yaliingia ndani na kusimama. Toka nje uangalie kuta za jirani, kama mstari uko usawa ule ule umeshapata jibu. Muulize mtoto wa pale, "Mvua ikinyesha sana mnakaaga wapi?" Atakuambia ukweli wote.

Bondeni hakuna bei nafuu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde la Msimbazi, wakahamishiwa Mabwepande. Kila masika, Machi hadi Mei, yapo maeneo pembezoni mwa mito yetu ambayo watu wanaamka wamezungukwa na maji. Godoro, unga, nguo za shule za watoto, vyote vinakwenda, na hakuna anayekurudishia kodi uliyolipa mbele.

Maji: uliza ni ya DAWASA au ya kisima. Yaonje. Ya chumvi utafulia kwa shida na ya kunywa utanunua ndoo kila siku, kwa hiyo yaingie kwenye hesabu yako ya mwezi.

Choo: mnachangia watu wangapi? Vyumba vinane kwa choo kimoja maana yake asubuhi unachelewa kazini.

Umeme nimeuweka mwisho kwa sababu una maneno mengi. Uliza LUKU ni yako peke yako au ya kushea. TANESCO wana kundi la wateja wadogo, D1, la wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, na hao hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukizidisha, bei inaruka, na nyumba ikiingizwa T1, kundi la wateja wa kawaida, uniti ni karibu shilingi 300. Sasa vyumba vitano vyenye mita moja, kila chumba kikitumia uniti 20 tu, tayari ni 100. Kila mmoja wenu ni mtumiaji mdogo lakini mnalipa kama wakubwa. Chumba chenye LUKU ya kujitegemea kinastahili kuongezewa elfu chache kwenye kodi.

Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba makato hayo utayatoa kwenye pango.

Hatua ya 5: Jadili miezi, ndipo ujadili bei

Watu wengi wanapigania kushusha 60,000 iwe 55,000, halafu wanakubali kulipa miezi sita. Umeokoa 30,000 ukatoa 330,000 kwa mpigo, pengine kwa mkopo wa kausha damu unaotaka rejesho kila wiki. Geuza mazungumzo. Mwambie mama mwenye nyumba, "Bei yako sina shida nayo mama, ila naomba niwe nalipa miezi mitatu mitatu." Wenye nyumba wanaoishi hapo hapo uani ni wepesi kukubali, kwa sababu wanakuona kila siku, na wengi wao wanahitaji hela inayoingia mara kwa mara. Wanaoishi mbali na kumtuma dalali ndio wanaong'ang'ania sita au mwaka.

Nenda na udhamini: barua ya mwajiri, au ndugu anayefahamika mtaani. Ukiwa kwenye kikoba au mchezo, omba zamu yako iangukie mwezi wa kulipa pango. Hiyo ndiyo njia safi kuliko mkopo wowote ninaoujua.

Hatua ya 6: Lipa ukiwa na shahidi

Thibitisha kwanza kwamba anayekupangisha ndiye mwenye nyumba au ametumwa naye. Uliza kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, ongea na mpangaji wa chumba cha pili. Kuna matapeli wanaopangisha chumba kimoja kwa watu watatu siku moja. Lipa kwa simu au benki ili kumbukumbu ibaki. Mkataba uandikwe: majina, kiasi, kutoka tarehe ngapi mpaka ngapi, nani analipia maji na kodi ya jengo, notisi ya muda gani. Mjumbe asaini. Piga picha kila kona ya chumba siku hiyo hiyo.

Maswali ya wasomaji

Dada wa Buguruni: *Mwenye nyumba anasema ni mwaka mzima au niache. Hakuna sheria ya kumzuia?*

Dada yangu, kwa sasa hakuna sheria inayoweka kikomo cha miezi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo ni makubaliano kati yenu wawili. Mimi naona ni jambo la kudai lirudi bungeni, kwa sababu anayelipwa kwa mwezi hawezi kulipa pango kwa mwaka. Lakini kwa leo, mwache. Hata ukiwa nayo hela ya mwaka, usiitoe kwa chumba ambacho hujakilalia masika hata moja.

Kijana wa Mbagala: *Nimepewa pagale Chamazi nilinde, nikae bure. Halina madirisha wala umeme. Nikubali?*

Wengi wameanzia hapo wakaweka akiba, kwa hiyo usione haya. Masharti mawili: mwenye pagale akuandikie barua ifike kwa mjumbe, ili polisi jamii wasikuchukulie mvamizi na siku vifaa vikipotea usibebeshwe wizi. Pili, elewaneni atakupa muda gani wa kuondoka akianza kumalizia ujenzi. Mwezi mmoja ni haki. Ukiwa na mtoto mdogo, hapana. Mbu na upepo wa usiku vitakula hela uliyookoa kwenye pango.

Mpangaji wa Yombo: *Tuko sita, LUKU moja. Mimi nina taa na kuchaji simu, wenzangu wawili wana friji. Tunachanga sawa. Naumia.*

Kuna sabmita, mita ndogo ambayo fundi anaifunga kwenye kila chumba na mnachangia kadiri mlivyotumia. Kama mwenye nyumba hataki, kaeni kikao mgawe kwa vifaa: mwenye friji hisa tatu, mwenye taa na simu hisa moja. Andikeni, bandikeni ukutani karibu na mita. Uongee nao kwa upole kabla ya kwenda kwa mwenye nyumba.

Mama wa watoto wawili, Manzese: *Nataka kuhamia Kibamba, ila watoto wako darasa la tatu na la tano.*

Mama, wewe anza na shule kabla ya chumba. Ada ya shule ya msingi ya serikali haipo, lakini mtoto akilazimika kupanda daladala asubuhi utateseka, maana makondakta wengi wanawakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo. Tafuta shule ambayo watatembea, muulize mwalimu mkuu kama kuna nafasi, anza uhamisho, halafu chumba ukitafute kuizunguka shule hiyo. Hama likizo ya Desemba.

Msomaji wa Kinondoni: *Nyumba za serikali kama Magomeni Kota hazituhusu sisi?*

Magomeni Kota zilijengwa kwa kaya 644 zilizokuwa zinaishi kwenye kota za zamani pale pale. Miradi mingi mingine ya mashirika ya nyumba ni ya kununua au ya kodi iliyo juu ya kipato tunachokizungumzia. Usisubiri huko.

Kaka wa Kivule: *Nalipa mwezi kwa mwezi. Jana nimeambiwa nitoke ndani ya wiki moja, kuna mpangaji anayetoa zaidi.*

Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi inataka notisi isiyopungua mwezi. Mwambie hivyo kwa adabu, mbele ya mjumbe. Asipoelewa nenda Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linapatanisha, na lina siku 30. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakati huo usiache kulipa kodi. Akikataa kuipokea, mtumie kwa simu na utunze ujumbe wa muamala. Akikufungia mlango kwa kufuli lake, usivunje. Mwite mjumbe na majirani washuhudie, kisha nendeni wote ofisi ya mtaa siku hiyo hiyo. Na wakati shauri linaendelea, anza kuzunguka Jumapili ukitafuta kwingine, kwa sababu hata ukishinda utakuwa unaishi na mtu aliyeshataka uondoke.