Ndoo yenye mfuniko ndani ya mtumbwi

Ukienda kulala kando ya Ziwa Nyasa kwa mtumbwi, usitegemee begi peke yake. Tafuta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, tia humo blanketi, kiberiti, chumvi na unga uliofungwa kwenye mfuko wake. Kisha ifunge kwa kamba kwenye mtumbwi. Hiyo kamba ndiyo watu wengi wanaisahau!

Safari moja tulitoka Matema kwenda Ikombe, kule kwa Wakisi wafinyanzi wa vyungu. Wimbi likatupiga ubavuni, maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Begi la mwenzangu lililowa chapachapa, hata shati la kubadilisha hakuwa nalo. Ndoo tulipoifungua, blanketi lilikuwa kavu na kiberiti kikawaka kwa njiti ya kwanza. Usiku ule tulikula ugali wa moto chini ya Milima ya Livingstone, na harufu ya ule moshi naikumbuka mpaka leo.

Kopo la kukombea maji liwe karibu na mkono. Ondokeni alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, na mkifika vuteni mtumbwi juu kabisa mchangani, muugeuze kifudifudi.