Namna ya kumfunza kijana stori ya masetla wa Amerika ukiwa Nakuru, bila kumlaza usingizi

Kijana wa dadangu alikuja kwangu hapa Nakuru likizo ya Agosti na kitabu cha historia, akaniambia anko hii mada ya Waingereza walioenda Amerika imenishinda, ni miaka tupu. Mi nikajifanya mwalimu, nikamwandikia orodha ya tarehe kumi na tano kwa karatasi, dakika kumi baadaye jamaa ashalalia meza. Hii njia nyingine ndo nilipata baada ya hapo, na hata watoto wa jirani wameielewa, kwa hivyo jaribu.

Kwanza usianzie Amerika. Anzia hapo dirishani. Muulize hii ardhi ya Nakuru mpaka Njoro ilikuwa ya nani kabla ya mashamba ya ngano. Reli ilifika Kisumu 1901, London ilikuwa imetumia pesa mob na haina mizigo ya kubeba, ikaona iwalete wazungu walime. Mkataba wa 1904 ukawatoa Wamaasai huku Bonde la Ufa wakapelekwa Laikipia, na 1911 wakaambiwa tena wahame Laikipia waende kusini. Setla mmoja mkubwa, Lord Delamere, akapata ekari 100,000 Njoro, na usidhani alitajirika hapo hapo, kondoo walimfia na ngano ikaliwa na kutu, almanusura afilisike.

Akishashika hiyo, mwambie sasa toa reli weka meli, toa ngano weka tumbaku, toa Wamaasai weka watu wa Powhatan, wenyeji wa huko. Uko Virginia 1607, mahali panaitwa Jamestown. Waliotuma watu huko ni kampuni ya watu wenye hisa London, walikuwa wanategemea dhahabu, wakapata njaa, baridi ya 1609 kuingia 1610 wengi wao wakafa. Kilichowaokoa ni tumbaku ya John Rolfe ambayo London iliipenda kweli. Na ukishapata zao la kuuza unataka shamba lingine, halafu lingine, na shamba lingine lina mwenyewe. Hapo kaa kidogo, usiharakishe, manake kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Makoloni yenyewe ni 13 na mtoto atachanganyikiwa tu. Mi natumia stage za matatu. Mtu akitoka Kisumu kuja Nakuru anapita Ahero, Awasi, Kericho, Londiani Junction, Mau Summit, Salgaa, na kila mtoto wa huku anajua hiyo laini bila kukariri. Chora pwani ya Amerika iwe hivyo hivyo, kutoka kaskazini kushuka. Manne ya juu ni ya wavuvi, wajenga meli na watu wa dini kali, hao wa meli ya Mayflower ya 1620 wako huko Massachusetts. Manne ya katikati ni New York, New Jersey, Pennsylvania na Delaware, ngano na biashara. Matano ya chini, Maryland mpaka Georgia, ni mashamba makubwa na watumwa. Majina yote 13 atayashika baadaye, akijua tu laini inapita wapi inatosha.

Sasa kuna mwaka mmoja lazima aukariri, 1619. Mwaka huo Virginia walifanya bunge lao la kwanza, na mwezi mmoja hivi baadaye ikaja meli imebeba Waafrika kama ishirini wakauzwa. Usimpe moja bila ingine. Walimu wengi wanatoa bunge leo, utumwa wanauweka sura ya mbele huko, mtoto anadhani ni vitu viwili tofauti. Hata hapa kwetu baraza la kutunga sheria lilianza 1907 na Mwafrika wa kwanza kuketi ndani, Eliud Mathu, aliingia 1944. Piga hesabu.

Ukifika kwa ugomvi wenyewe wa masetla na London, kila mtu anakimbilia ile chai iliyomwagwa Boston. Ngoja. Anza na 1763. Uingereza ilikuwa imetoka tu kumpiga Mfaransa vita vya miaka saba, imeshinda lakini deni limekaribia kuwa mara mbili, na wenyeji wa bara nao wameamka wanapigana. Mfalme George wa tatu akachora mstari kwa milima ya Appalachian, akasema masetla wasivuke kwenda magharibi. Si eti aliwapenda sana wenyeji, alikuwa hataki gharama ya vita vingine. Masetla wakakasirika vibaya sana. George Washington mwenyewe alikuwa anaimezea mate ardhi ya ng'ambo ya huo mstari.

Ndo zikaja kodi. 1765 ikawa ushuru wa stempu, kila gazeti, kila karatasi ya korti, hata karata za kuchezea lazima ziwe na muhuri wa kulipia. Hapa hauhitaji kueleza sana, kijana aliyeona Mswada wa Fedha wa 2024 anaelewa mara moja kwa nini watu waliingia barabarani. Kelele yao ilikuwa hakuna kodi bila mjumbe, kwa sababu bunge la London lilikuwa halina hata mtu wao mmoja. Stempu ikaondolewa 1766, lakini ushuru mwingine ukafuata, na 1770 askari wakaua watu watano Boston, mmoja wao Crispus Attucks, mwenye asili ya Kiafrika.

Chai sasa. Mtoto ataandika kwa mtihani kwamba chai ilipandishwa bei. Hapana! Sheria ya 1773 ilifanya chai iwe rahisi, manake kampuni ya Waingereza ya East India iliruhusiwa kuuza moja kwa moja. Waliolia ni wafanyabiashara wa Boston na wale wa magendo, pamoja na watu walioona hiyo bei rahisi ni mtego wa kuwafanya waikubali kodi. Disemba 16 wakamwaga boksi 342 baharini. Na mwambie hayo majani yalitoka China, mi niliulizwa na mtu mzima kabisa kama ni ya Kericho.

Vita pitia haraka. Risasi za kwanza Lexington Aprili 1775, tangazo la uhuru Julai 4, 1776 lililoandikwa na Jefferson, ushindi wa masetla Saratoga 1777 ndo ukafanya Ufaransa iingie upande wao, jenerali wa Waingereza Cornwallis akasalimu amri Yorktown 1781, mkataba Paris 1783. Mistari minne imetosha, akitaka mizinga aangalie video.

Sehemu ninayoipenda ni hii ya mwisho. Mrudishe Kenya umuulize, masetla wa huku nao walitaka nini? Walitaka kujitawala vile vile, 1922 na 1923 walifika mahali pa kupanga kumteka gavana! London ikawakatalia na waraka wa Devonshire wa 1923. Na 1921 kule Gem, Nyanza, kwa mkutano wa Wajaluo ulioitwa Piny Owacho, watu waliteta juu ya kodi na kipande, ile kadi ya lazima ya kutembea nayo, lakini wakataka pia Kenya iache kuitwa koloni irudi kuwa protectoreti, yaani nchi ya kulindwa tu. Waliona setla akiachiwa nchi peke yake wamekwisha. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, masetla waliachiwa nafasi wakajitangazia uhuru wenyewe Novemba 11, 1965, na lile tangazo lao lilifuata muundo wa lile la Jefferson.

Alafu mpe kazi ya kuandika barua tatu fupi za 1775: ya setla wa Virginia, ya mwenyeji wa ng'ambo ya milima, na ya mtumwa. Kabla ya hiyo ya tatu mwambie kwamba Novemba 1775 Dunmore, gavana wa mfalme huko Virginia, alitangaza mtumwa wa muasi akitorokea jeshi la mfalme atakuwa huru, na vita vilipoisha watu weusi kama elfu tatu waliondoka New York na meli za Waingereza wakapelekwa Nova Scotia, huko Kanada, wengine wao 1792 wakavuka mpaka Sierra Leone wakaanzisha Freetown.

Kijana wangu ya setla aliandika ukurasa mzima, malalamiko tu. Ya mtumwa ilikuwa mistari miwili: "Bwana yuko sebuleni anapiga kelele uhuru, uhuru. Mimi nauliza hiyo meli ya mfalme imesimama wapi."