Namna ya Kuongoza Zamu ya Dharura: Mwongozo kwa Daktari Mpya wa Moshi na Arusha

Idara ya dharura katika hospitali ya Moshi au Arusha hupokea watu ambao hawakupanga kuugua siku hiyo: dereva wa bodaboda aliyegongwa kwenye barabara kuu, mama mjamzito aliyeletwa kutoka Rombo akiwa na degedege, mpagazi aliyeteremshwa kutoka kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro akihema, mtoto wa Mererani mwenye homa ya siku tatu. Taaluma yenyewe bado ni changa nchini, kwani idara kamili ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa kwa mara ya kwanza Muhimbili mwaka 2010, na daktari anayeanza kazi leo mara nyingi amefundwa wodini, ambako mgonjwa amelala, ana faili, na historia yake huchukuliwa kwa utulivu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuacha mazoea ya wodini pale yasipofaa. Msingi wake ni kwamba mgonjwa wa dharura hapimwi mara moja; hupimwa, hutibiwa, kisha hupimwa tena, na uamuzi hutokana na tofauti iliyopo kati ya kipimo cha kwanza na cha pili.

Kabla ya kupokea zamu, zunguka na sista wa zamu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Usitosheke na orodha iliyotiwa alama: washa mashine ya kufyonza uisikie ikivuta, fungua mtungi wa oksijeni usome geji, bana ambubegi (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono) uone kama barakoa yake inaziba vizuri, na uhakikishe kuwa barakoa ya mtoto ipo, maana ndiyo hupotea kwanza. Vijiti vya kupimia sukari, adrenalini, atropini, magnesium salfeti na dextrose (maji ya sukari ya mshipani) viwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuvipata gizani, kwa kuwa umeme hukatika na jenereta haliwaki papo hapo. Uliza pia benki ya damu ina chupa ngapi za kundi O usiku huo. Ni afadhali kupata jibu baya saa mbili usiku kuliko kulipata wakati mgonjwa anatokwa damu mbele yako.

Uainishaji wa wagonjwa kwa rangi hufanywa na muuguzi mlangoni, na kazi yako ni kuuheshimu: mwekundu haongoji, wa njano huongoja kidogo, wa kijani huongoja. Hata hivyo rangi hutolewa kwa hali ya dakika ile, nayo hali hubadilika. Kwa hiyo kila saa moja, au muuguzi wa mlangoni afanye hivyo kwa niaba yako, pita kwenye benchi la wanaosubiri, utazame nyuso na kuhesabu pumzi za yeyote anayekutia shaka. Mzee aliyeandikwa wa kijani kwa sababu ya maumivu ya tumbo na sasa amelala begani kwa binti yake, ngozi imelowa jasho, si wa kijani tena.

Dakika za mwanzo

Mpangilio wa uchunguzi wa awali unajulikana: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumvua nguo na kumtazama mwili mzima. Kinachowashinda wengi ni nidhamu ya kutibu kila tatizo linapoonekana kabla ya kuendelea na hatua inayofuata. Ukikuta njia ya hewa imeziba kwa damu au matapishi, unafyonza kwanza. Hakuna maana ya kupima presha ya mtu asiyepata hewa.

Salamu ni sehemu ya uchunguzi huu, wala si kupoteza muda. Mgonjwa anayeitikia “Marahaba, mwanangu, kifua kinanibana tangu jana usiku,” amekwisha kukupa majibu matatu: njia yake ya hewa i wazi, ana pumzi ya kutosha kumaliza sentensi, na ubongo wake unapata damu na oksijeni. Anayejibu neno mojamoja huku akivuta mabega ana shida ya upumuaji hata kama kipimo cha oksijeni cha kidoleni bado kinasoma vizuri. Asiyejibu kabisa apimwe ufahamu kwa kipimo cha Glasgow, ambacho alama zake huanzia 3 hadi 15. Akiwa na 8 au pungufu, hawezi kutegemewa kulinda njia yake ya hewa, na mtaalamu wa usingizi aitwe.

Kila mwenye degedege, kila aliyechanganyikiwa na kila aliyepoteza fahamu apimwe sukari kabla ya kufikiriwa jambo jingine lolote. Ikiwa chini ya milimoli 3.5 kwa lita, mtu mzima apewe mililita 50 za dextrose ya asilimia 50 kwenye mshipa, na mtoto apewe mililita 5 za dextrose ya asilimia 10 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha sukari ipimwe tena baada ya dakika 15. Kosa la kawaida ni kufurahi kwamba mgonjwa ameamka na kumwacha, ilhali mwenye kisukari aliyemeza vidonge vya kushusha sukari anaweza kuzama tena mara kadhaa usiku huohuo.

Mjamzito mwenye degedege atibiwe kama mwenye kifafa cha mimba: gramu 4 za magnesium salfeti taratibu kwenye mshipa na gramu 5 katika kila tako, huku timu ya wodi ya wazazi ikiitwa. Usisubiri majibu ya mkojo.

Kuhusu maji ya mshipani, hasa kwa watoto, inafaa kusema kwa urefu kidogo, kwa sababu mkono wa daktari mwenye hofu hukimbilia dripu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali ya Teule mjini Muheza, ulihusu watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Miongoni mwa waliopewa maji mengi kwa kasi, takribani asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48, ilhali miongoni mwa wale ambao hawakumiminiwa maji hayo ni asilimia 7.3. Kwa mtoto wa namna hiyo toa oksijeni, pima malaria na wingi wa damu, anza dawa inayostahili, na akiwa na upungufu mkubwa wa damu mpe damu. Mtoto aliyekauka kwa kuhara ni habari nyingine: huyo anahitaji mililita 100 kwa kila kilo, ndani ya saa 3 akiwa amezidi mwaka mmoja na ndani ya saa 6 akiwa hajafikisha mwaka. Kwa wote wawili, baada ya kila kiasi ulichotoa, rudi uhesabu pumzi, usikilize sehemu za chini za mapafu na kupapasa ini. Ini lililoteremka tangu ulipoligusa mara ya kwanza linakuambia ufunge dripu.

Malaria isisahauliwe kwa sababu tu Moshi na Arusha ziko juu na mbu wake ni wachache. Uliza mgonjwa amelala wapi katika majuma yaliyopita. Aliyetoka Tanga au Morogoro hana kinga ya mlima.

Ajali za bodaboda na harufu ya mbege

Majeruhi wa pikipiki mara nyingi huja na jeraha la kichwa, na mara nyingi huja usiku. Huletwa kwenye bajaji au nyuma ya gari la msamaria, bila kola ya shingo, na pengine ananuka mbege. Harufu hiyo imewapoteza madaktari wengi. Mlevi aliyechanganyikiwa baada ya ajali ni mgonjwa wa kichwa hadi ithibitike vinginevyo, kwa kuwa pombe haizuii damu kuvuja chini ya fuvu, na mtu aliyeachwa “alale pombe iishe” pembeni mwa chumba anaweza kukutwa asubuhi mboni moja imepanuka.

Mpe oksijeni, zuia shingo, zuia damu inayotoka kwa kuikandamiza, na usiache namba ya juu ya presha ishuke chini ya 110, kwa kuwa ubongo ulioumia huharibika zaidi ukikosa oksijeni na damu. Anayevuja damu nyingi apewe asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza damu kuvuja, gramu 1 kwa dakika 10, mradi saa 3 hazijapita tangu aumie; baada ya hapo dawa hiyo haisaidii na inaweza kudhuru. Halafu andika alama zake za Glasgow pamoja na saa, kisha rudia kila nusu saa. Alama 14 zilizokuwa 14 saa mbili zilizopita si sawa na 14 zilizokuwa 15. Mgonjwa wa pili anapelekwa CT skani sasa hivi, na kama hospitali yako haina, simu ya rufaa inapigwa kabla alama hazijafika 12.

Majeruhi wa ajali au wa kupigwa anahitaji fomu ya polisi, PF3, na ndugu wengi huamini kuwa bila karatasi hiyo hawezi kuguswa. Waeleze mapema kwamba matibabu ya kuokoa uhai yanaanza mara moja, na mmoja wao aende kituoni kuifuata. Utakapoijaza, eleza urefu, mahali na sura ya kila jeraha kwa mwandiko unaosomeka, kwa maana huenda ukaitwa mahakamani mwaka ujao, nawe utakuwa umekwisha kumsahau mgonjwa.

Wanaoteremshwa kutoka mlimani

Hili ni eneo ambalo daktari wa Moshi hujifunza mambo ambayo mwenzake wa Dar es Salaam huyasoma tu. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na watu wengi hukifikia kwa siku chache zisizotosha mwili kuzoea. Maji yakijaa kwenye mapafu, mgonjwa hukohoa, hukosa pumzi hata akiwa amekaa, na midomo hubadilika rangi. Ubongo ukivimba, huumwa kichwa, hutapika, huyumba kama mlevi na kuropoka. Tiba kuu ya yote mawili ni kuteremka. Kwa mapafu huongezwa oksijeni, na nifedipini ya kuachia taratibu pale oksijeni inapokosekana. Kwa ubongo huongezwa deksamethasoni miligramu 8 mwanzoni, kisha 4 kila saa sita.

Hapa kipimo cha pili kina thamani kubwa kuliko mahali pengine popote. Oksijeni ya asilimia 80 hivi kwenye kambi ya Kibo inaweza kuwa ya kawaida kwa mtu mwenye afya, lakini Moshi iko chini ya mita 1,000, na mtu yuleyule akifika hospitali anapaswa kuwa amepanda sana. Kwa hiyo muulize kiongozi wa msafara namba walizopima huko juu, zilinganishe na zako, na upime tena baada ya saa moja ya oksijeni. Ambaye ameteremka, amepewa oksijeni na bado hapati nafuu, pengine hana ugonjwa wa mwinuko peke yake. Tafuta nimonia, donge la damu kwenye mapafu au moyo wenye shida.

Wapagazi, ambao hapa mjini huitwa wagumu, hupata ugonjwa huohuo, ila huchelewa kuletwa na huficha dalili kwa kuogopa kukosa safari inayofuata. Mgumu anayesema ana mafua tu naye anahema akiwa kitandani apimwe kwa makini yaleyale anayopewa mtalii mwenye bima.

Jambo jingine la ukanda huu wa mashamba ni sumu ya kuua wadudu, iliyonywewa au iliyopulizwa bila kinga. Mate yanatiririka, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kimejaa makohozi. Mvue nguo zote, mwoshe, huku mhudumu akiwa amevaa glovu, kisha toa atropini miligramu 2 hadi 3 kwenye mshipa na uongeze dozi maradufu kila dakika 5 mpaka kifua kikauke. Usisimamishe kwa sababu moyo unakwenda mbio au mboni zimefunguka. Lengo ni mapafu. Kama aliinywa kwa kukusudia, asiachwe peke yake hata chooni.

Ndugu, makabidhiano na kurudi nyumbani

Familia huja kwa wingi. Omba wachague msemaji mmoja, umpe habari kila baada ya muda hata kama hakuna jipya, na utapata chumba kitulivu. Kwa mgonjwa anayezungumza Kimaasai pekee, tafuta mkalimani mtu mzima. Mtoto wa darasa la tatu asiulizwe kuhusu hedhi ya mama yake. Mgonjwa akifariki, keti na ndugu mahali pa faragha na useme wazi kwamba amefariki, kisha unyamaze wapate kulia.

Kabla ya kumpa rufaa mgonjwa kutoka hospitali ya wilaya au ya mkoa kwenda ya kanda, piga simu, utaje hali yake ya sasa na si ya alipofika, na usimpakie kwenye gari kabla njia ya hewa na presha havijashikiliwa. Makabidhiano ya asubuhi yafanyike kitandani kwa kila mgonjwa, si mezani, na anayepokea ampime mwenyewe mbele ya anayeondoka.

Wanaoruhusiwa kwenda nyumbani wapimwe mara ya mwisho wakiwa wamesimama na wametembea hatua chache. Aliyegonga kichwa na kuonekana mzima apewe maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili: arudi mara moja akitapika tena na tena, akizidi kuumwa kichwa, akisinzia kusiko kwa kawaida, akipata degedege au akitokwa na maji puani au masikioni. Maelezo hayo asomewe pia atakayelala naye chumba kimoja usiku huo, na kama hana mtu wa namna hiyo, apewe kitanda cha uangalizi mpaka asubuhi.